Baraka: Ampli ya kwanza ya lampu, batri moja ya nyumba nzima

Mjini Baraka, kijana mmoja anayepiga gitaa la solo katika kwaya ya kanisa lake anatafuta ampli yake ya kwanza ya lampu, ya kupigia nyumbani. Mjomba wake, aliyehamia Marekani akitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, amemwahidi moja. Zipo mbili za kuchagua, zote zimekwisha kutumika: kubwa ya wati 40 na ndogo ya wati 5.

Wenzake wa kwaya walijibu bila kufikiri: chukua kubwa. Lakini nyumbani kwao kuna batri moja tu, na inalisha watu 11, wakiwemo mama yake mdogo na watoto wake waliokimbia kijiji chao. Kila siku majirani na familia zilizohama huleta simu zao kwa mama yake ili zichajiwe. Kwa watu hao simu si mchezo. Ndiyo inayowaambia nani amefika salama, nani bado yuko njiani, na shamba limebaki na nani.

Wazee wanazifahamu lampu hizi. Redio za zamani zilikuwa nazo: ukiwasha, unangoja kidogo zipate moto ndipo sauti itoke. Wakati OK Jazz inaanzishwa Léopoldville mwaka 1956, ampli za gitaa zilikuwa za lampu. Baadaye transista ikachukua nafasi kwa sababu ni nyepesi na inakula umeme kidogo. Wapiga gitaa wengi hawakuziacha lampu. Ukigusa uzi polepole, sauti inabaki safi. Ukiuvuta kwa nguvu, inaanza kukwaruza taratibu, kama mwimbaji anayepandisha koo.

Hapo ndipo wati 40 zinapodanganya. Utamu huo huja ampli ikisukumwa, na ukiisukuma ya wati 40 ndani ya chumba, mtaa mzima hautalala. Tena sikio halihesabu kama mkono unavyohesabu pesa: wati 50 husikika karibu mara mbili tu ya wati 5, si mara 10. Kwa chumba chenye ukuta wa udongo na bati juu, wati 5 ni nyingi. Hata wati 1 inatosha kumwamsha mtoto.

Umeme ndio shida kubwa zaidi. Wati 5 ni nguvu inayotoka kwenye spika. Si nguvu inayoingia. Lampu lazima zipashwe moto muda wote, hata kama hakuna anayepiga. Ampli ndogo ya aina ya Fender Champ, yenye lampu tatu, hutumia karibu wati 15 kwa kupasha moto tu, na kwa jumla karibu wati 40. Ile ya wati 40 inaweza kula wati 150.

Kijana alikaa na mama yake wakapiga hesabu kwenye daftari la kuchajia simu. Batri ya volti 12 na ampea 100 ina nguvu ya wati 1,200 kwa saa moja, na ili isife mapema ni vizuri kutumia nusu tu. Simu moja hutaka kama wati 15 kwa saa moja. Basi ampli ndogo kwa saa moja, pamoja na kile kinachopotea kwenye konvertisa, ni sawa na simu tatu. Ile kubwa ni simu 10 au zaidi.

Mama hakukataa muziki. Alisema, «Mwanangu, tatu nitazibeba. Kumi, nitamwambia nani arudi na simu imezimika?»

Kijana alichagua ndogo.

Lakini kuchagua wati hakumalizi kazi. Ampli za Marekani hutengenezwa kwa volti 120, na konvertisa za kwetu Fizi hutoa 220. Ukiichomeka hivyo hivyo, fyuzi itaungua, na huenda transfo nayo ikafuata. Kwanza usome nyuma ya ampli. Ikiwa ni 120 peke yake, inunuliwe transfo ya kushusha umeme, yenye nguvu kuzidi ile ampli inayotumia.

Konvertisa nayo iangaliwe. Zile za bei ndogo hutoa umeme wa ngazi-ngazi badala ya wimbi laini, na ampli ya lampu hunguruma juu yake, transfo ikipata joto kupita kiasi.

Lampu za akiba zije pamoja na mzigo. Siku hizi zinatengenezwa katika nchi chache, kama Urusi, China na Slovakia, na hazipatikani sokoni Baraka. Zifungwe kwa nguo, kila moja peke yake, maana ni kioo.

Tena kuna hatari. Ndani ya ampli hizi kuna volti 300 na zaidi, na umeme huo unaweza kubaki ndani hata ukiwa umechomoa waya. Unaua. Fundi asiyezijua asiifungue, na watoto wasisogee karibu. Isiwashwe kamwe bila spika kuunganishwa. Transfo ya sauti itakufa.

Kwa yule ambaye hana batri kabisa, au anayeishi katika kambi kama Lusenda, ampli ndogo ya transista inayotumia mawe ya redio ni bora. Inabebeka mkononi. Katika eneo ambalo watu wameshakimbia zaidi ya mara moja, uzito ni jambo la kuulizwa kabla ya sauti.

Ampli ya kijana bado haijafika. Itapitia Dar es Salaam na Kigoma, kisha ivuke ziwa kwa boti. Saa yake imekwisha kupangwa: saa sita mchana hadi saa saba, jua likiwa kali na pano zikijaza batri. Mama ameiandika ukutani, chini ya bei ya kuchaji simu, ili wateja wajue.