Konokono Alisahihishiwa Jina

Sisi tuliozaliwa Kishushe, huku Taita, kabla ya uhuru tulikua bila maandishi mengi ya kuchapwa. Vitabu vilikuwa vya shule na vya kanisa, gazeti lilifika likiwa limefungia sukari. Kitu kilichotufikia kikiwa kizima kilikuwa barua. Baba zetu walikuwa kwenye reli, bandarini Mombasa, au katika mashamba ya mkonge ya Voi na Mwatate, na walipotuma barua, barua ilikuwa ya mama. Stempu ilikuwa yetu.

Tulikata pembe ya bahasha, tukailoweka kwenye bakuli mpaka gundi iachie, kisha tukaianika stempu kifudifudi juu ya karatasi. Mwenye pupa aliichana, akabaki kuwaonea wenzake wivu. Kazi hiyo ya watoto ndiyo iliyotufunza kutazama. Katika masanduku ya wazee zilikuwapo bado stempu za mwaka 1935, za Kenya, Uganda na Tanganyika, zenye kichwa cha Mfalme George wa Tano, zilizochapwa na De La Rue wa London. Nyingi zilichapwa kwa bamba lililochongwa: wino hukaa ndani ya michirizi, karatasi ikagandamizwa juu yake mpaka iunyonye, na ukipapasa kwa ncha ya kidole unahisi mistari imeinuka. Ya senti 15 ilikuwa na Kilimanjaro. Sisi tunaouona mlima huo kutoka milima ya Taita asubuhi isiyo na mawingu tulijiona tuna haki ya kumkosoa mchoraji.

Ya senti 5 ilikuwa na chombo cha tanga katika Ziwa Victoria, nayo ndiyo iliyotukosesha usingizi. Kwenye baadhi ya stempu hizo, kamba imeligusa tanga. Kwenye nyingine, haikuligusa. Ni kijistari kisichozidi unywele, lakini tulibishana juu yake mpaka mbuzi wakaingia shambani kwa watu. Wakusanyaji wa dunia nzima wanaijua tofauti hiyo, na katika orodha zao kila aina ina bei yake. Wamarekani nao wana yao: kwenye kadi za wachezaji wa besiboli zilizotiwa ndani ya pakiti za sigara kuanzia 1909, mchezaji Sherry Magee aliandikwa "Magie". Wachapaji wakasahihisha mapema, kwa hiyo kadi zenye kosa zikawa chache, na leo yenye kosa inauzwa ghali kuliko iliyo sahihi.

Lakini kosa ninalotaka kulisimulia ni la kwetu. Tarehe 13 Desemba 1971 Kenya ilitoa stempu za makombe ya baharini, zilizochorwa na Rena Fennessy. Hizi hazikuwa za kuchongwa mistari. Picha ilivunjwa kuwa vitone vidogo mno, na ukiitazama kwa kioo cha kukuza, kombe zima linakuwa mchanga wa rangi. Chini ya kila kombe liliandikwa jina lake la kisayansi. Ya senti 70 ikaandikwa "Nautilus pompileus", ilhali jina ni "pompilius". Ya senti 50, ya konokono wa zambarau anayeelea baharini, ikaandikwa "Janthina globosa". Mwaka 1974 zikachapwa upya: ya senti 70 ikarudishiwa herufi yake, na konokono akaitwa "Janthina janthina". Kwa ajili ya jina la konokono mmoja na herufi moja ya kombe, uliagizwa uchapaji mwingine.

Sasa tazama sisi. Kidawida, lugha yetu Wataita, kina gh, na karani asiyekijua haisikii. Mghendi alipofika mezani kuandikishwa akatoka Mgendi. Mghanga akawa Mganga, naye hajawahi kuchemsha hata mzizi mmoja. Wengine walipewa jina la babu mahali pa jina la baba, wengine walizaliwa wote tarehe 1 Januari. Watu wale wale waliogombana juu ya kamba ya senti 5 walishika kitambulisho chenye jina la mtu mwingine, wakakitazama, wakakitia mfukoni, wakasema asante.

Wapo watakaosema tulikuwa wapole, au tulikuwa na adabu. Mimi naona tuliogopa karatasi. Kilichopigwa muhuri kilikuwa kimekwisha, kama mvua iliyokwisha nyesha. Kurudi kudai herufi kulikuwa safari ya kwenda ofisini Wundanyi, nauli, foleni, na mtu wa kukuuliza kama wewe ndiye unayemfundisha kazi. Kwa hiyo tukazoea, tukawaandikisha watoto shule kwa jina lile la karani, nao wakafanya mtihani kwa jina hilo, na baada ya hapo kulibadilisha kungevuruga vyeti vyote vya nyumba. Kosa la stempu lilidumu miaka miwili na ushei. La kwetu limeshafika kwa vitukuu.

Vijana wa sasa wa Kishushe tunawaita wakaidi. Ukiitishwa mkutano wa madini ya chuma ya kwetu, wanataka kwanza kuiona hati, wanaipiga picha kwa simu, wanauliza ukurasa wa nne umeenda wapi. Wazee wenzangu hukunja uso. Mimi nadhani hapo wametupita, tena kwa mbali, ingawa stempu hawazijui na wakionyeshwa senti 70 huuliza ingenunua nini.

Mjukuu wangu mmoja ameapa kiapo kwa wakili, akalipa ada, akangoja, akairudisha gh kwenye kitambulisho chake. Alikuja kunishawishi nami nifanye vivyo hivyo, fomu anayo tayari. Nilimwambia aiache mezani kwanza, maana pensheni yangu inaingia kwa jina la karani.