Barua kwa Mwakilishi wa Wanafunzi wa Jioni

Mpwa wangu,

Mjomba wako amepata habari kwamba umechaguliwa kuwawakilisha wanafunzi wa jioni, na kwamba makundi matatu ya WhatsApp yamekwishafunguliwa, meseji hazikatiki hadi usiku wa manane. Amefurahi sana. Analo pia la kukwambia.

Mjomba alisoma jioni enzi za ubao wa matangazo. Siku moja alifika chuoni saa kumi na mbili, katoka kazini, kalamu mfukoni tayari kwa mtihani. Tangazo la kuuwahisha lilikuwa limebandikwa asubuhi ileile, na mtihani umefanyika saa nane mchana. Ubaoni alikuta pini nne na kona ya karatasi. Ofisi zimefungwa, hakuna wa kumwuliza. Leo picha moja ya karatasi ile ingewafikia wote papo hapo, aliye dukani, wodini au kwenye daladala. Ndiyo maana mjomba anaithamini kazi hii uliyopewa.

Lakini kelele peke yake haifiki mbali. Oktoba 2015, vuguvugu lililoanzia Chuo Kikuu cha Witwatersrand lilienea Afrika Kusini nzima kwa jina la #FeesMustFall. Watu walilielewa upesi kwa sababu lilikuwa na namba: ada ilipangwa kupanda kwa asilimia 10.5. Tena vijana wale hawakubaki mtandaoni. Tarehe 23 walijazana Union Buildings, makao ya serikali jijini Pretoria, na siku hiyohiyo Rais Jacob Zuma akatangaza kwamba ada za 2016 hazitapanda. Wenzao wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, mwaka 2019, nao walikuwa na namba: walipinga nyongeza ya ada ya asilimia 15.

Namba yenu ni ipi? “Tunaonewa” haimpi mkuu wa chuo cha kujibu. Wangapi wamekosa jaribio lililowekwa saa tano asubuhi siku ya kazi? Maktaba inafungwa saa ngapi? Waulize wenzako kwa ujumbe mfupi wa maandishi, si sauti ya dakika saba. Yule mwenzenu anayelinda geti usiku atausoma akipata nafasi, na kifurushi chake kitatosha.

Jambo moja limemkosesha mjomba usingizi. Juzi ulimtaja mhadhiri kwa jina kundini kwa habari uliyoisikia tu, kisha ukafuta. Wakati unafuta, ilikuwa imeshasambazwa. Chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, faini ya kuchapisha taarifa za uongo inaanzia shilingi milioni 5, na kifungo kipo. Mbali na sheria, yule ni mtu mwenye watoto. Mwombe radhi, palepale ulipomtaja. Na matokeo ya mwenzako au deni lake la ada yasitoke kwenye simu yako bila idhini yake, hata kama yanaipa hoja nguvu.

Jumamosi mjomba yupo nyumbani tangu asubuhi. Njoo na orodha ya waliokosa jaribio, tuipitie jina kwa jina kabla hujaipeleka ofisini.

Ni mimi mjomba wako,
Temeke