Ameshushwa Peke Yake, Nani Atampandisha?

Mpenzi msomaji, hebu fikiri umefungiwa ndani ya kasha lililozidi kidogo tu upana wa mabega yako. Huna dereva wala jirani. Juu ya kichwa chako iko meli ya anga inayoizunguka dunia. Chini ya nyayo zako pana utupu, kisha moto, kisha adui. Kengele inalia, kasha linafyatuliwa kama risasi, nawe unakwenda vitani peke yako.

Makasha ya namna hiyo hayatumiwi na jeshi lolote. Yamo katika vitabu na michezo ya video inayosimulia vita vya siku zijazo. Aliyeyapa umaarufu ni Mmarekani Robert Heinlein, aliyekuwa afisa wa jeshi la wanamaji mpaka ugonjwa wa kifua kikuu ulipomwondoa kazini mwaka wa 1934. Katika riwaya yake Starship Troopers, iliyotolewa mwaka wa 1959, kila askari huteremka ndani ya kasha lake. Kasha hilo lina maganda kama kitunguu. Ganda la nje huungua na kubanduka, jingine likafuata, na vipande vyake vikazagaa angani hata rada ya adui isijue kipi kimebeba mtu na kipi ni takataka. Hatimaye miavuli hufunguka, askari akatua.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo hapa Nairobi, ni mpenzi mkubwa wa mambo haya. Jioni moja aliniuliza, "Mjomba, ikiwa binadamu alifika mwezini mwaka wa 1969, mbona majeshi hayajaunda makasha haya?" Swali lake ni zuri, na jibu lake linafaa kusikiwa na wengine pia.

Kwanza, jambo lenyewe si ndoto tupu. Tarehe 12 Aprili 1961, Yuri Gagarin wa Urusi ya Kisovieti aliizunguka dunia akiwa peke yake ndani ya tufe lenye upana wa mita 2.3 hivi. Wengi hudhani alitua nalo. La hasha! Alipofika kimo cha kilomita 7 hivi alirushwa nje pamoja na kiti chake, akashuka kwa mwavuli wake mwenyewe. Wakubwa wake waliificha habari hiyo kwa miaka mingi, kwa sababu kanuni za rekodi za anga zilimtaka rubani atue ndani ya chombo chake. Wa kwanza kumwona walikuwa mama mmoja na mjukuu wake waliokuwa shambani, na walishtuka kweli kweli kumwona mtu wa nguo za rangi ya chungwa akiwajia.

Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960, kampuni ya General Electric ya Marekani ilibuni kifaa cha ajabu zaidi, kilichoitwa MOOSE. Mwanaanga aliyepatwa na hatari angeingia ndani ya mfuko wa plastiki akiwa amevaa vazi lake la anga, kisha aujaze povu la jamii ya lile linalotengenezewa magodoro. Povu likiganda, angejisukuma kwa roketi ndogo, aanguke kuelekea duniani akikingwa na ngao ya kuzuia joto iliyo mgongoni, na mwisho ashuke kwa mwavuli. Kifaa chote kilikuwa na uzito wa kilo 90 hivi. Hakuna aliyekinunua. Na ikumbukwe kwamba kilibuniwa kumwokoa mtu, wala si kumpeleka vitani.

Kwa nini basi majeshi hayakuvutiwa? Kitu kinachoizunguka dunia karibu nayo hukimbia kilomita 28,000 hivi kwa saa. Kikiingia hewani kwa mwendo huo, hewa iliyo mbele yake hubanwa na kuwaka. Adui hahitaji rada kukiona, macho yanatosha. Tena askari mmoja ndani ya kasha moja hawezi kubeba silaha nzito, na wenzake wanaweza kuanguka kilomita nyingi kutoka alipo.

Hasara ya kutawanyika si ya kubuni. Tarehe 20 Mei 1941, askari wa miavuli wa Ujerumani walikishambulia kisiwa cha Krete. Silaha zao nyingi zilikuwa zimeangushwa katika masanduku mbali nao, na wengi waliuawa kabla ya kuyafikia. Wajerumani walikiteka kisiwa hicho, lakini Hitler hakutaka tena kusikia habari za mashambulizi makubwa ya miavuli. Kidole kimoja hakivunji chawa, na ukivitawanya vidole kumi mlimani huna tena mkono.

Lakini sababu niliyoiona nzito kuliko zote, na ndiyo niliyomweleza mpwa wangu, ni hii: kasha hilo linajua kushuka tu. Kumteremsha mtu kutoka angani kunahitaji ngao, mwavuli na moyo mgumu. Kumpandisha tena kunahitaji roketi ndefu kama jengo la ghorofa, na watu wengi wa kuihudumia. Kwa hiyo yeyote anayelifunga kasha la askari na kulifyatua hana budi kujibu swali moja kabla ya mengine yote: huyu atarudi vipi?

Heinlein alilijibu. Wasomaji wengi hukumbuka jinsi kijana Rico anavyotetemeka kabla ya kufyatuliwa, lakini mimi huona kwamba uzito wa sura ile ya kwanza uko mwishoni mwake. Kazi imekwisha, mashua ya kuwachukua imetua, na Rico na mwenzake wanamburura askari aliyejeruhiwa wasimwache nyuma. Mashua inachelewa kwa sababu yao. Huko juu nahodha wa meli kubwa, ambaye ni mwanamke, anapunguza mwendo wa chombo chake ili aidake mashua hiyo. Majeruhi yule anafia njiani. Hata hivyo alifia mikononi mwa wenzake, akiwa safarini kurudi. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Jambo hilo limo pia katika mchezo wa video ambao lazima utamgusa Mkenya. Unaitwa Halo 3: ODST, ulitolewa mwaka wa 2009, na unatendeka Mombasa! Ni Mombasa mpya ya mwaka wa 2552, ila majina ya Kizingo na Kikowani bado yapo. Askari wanashushwa juu ya mji huo, kila mmoja ndani ya kasha lake, na mlipuko mkubwa unawatawanya. Mgeni wa kikosi anazinduka baada ya saa sita, usiku, mitaa ikiwa mitupu. Anachofanya kwa sehemu kubwa ya mchezo si kutafuta sifa. Anawatafuta wenzake. Anaokota kitu hiki hapa na kile pale, ajue nani alipita na nini kilimpata. Waundaji walimpa bunduki, lakini hamu yake kubwa ni kutokuwa peke yake.

Hata nje ya hadithi mambo ni hayo hayo. Mmarekani Joseph Kittinger, aliyeruka kutoka kwenye puto kimo cha kilomita 31 tarehe 16 Agosti 1960, alikuwa amenusurika mwaka mmoja kabla. Katika jaribio la Novemba 1959 mwavuli wake mdogo ulimzonga shingoni, akazunguka kama pia mpaka akazirai. Kilichomwokoa ni mwavuli wa akiba uliojifungua wenyewe. Mrusi Vladimir Komarov hakupata bahati hiyo. Tarehe 24 Aprili 1967 mwavuli mkubwa wa chombo chake ulikataa kutoka, akafa. Wote wawili walikuwa peke yao angani, lakini maisha yao yalikuwa mikononi mwa watu waliobaki chini, waliobuni na kukunja vitambaa vile.

Ewe mzazi, usimkataze mwanao hadithi hizi. Zina elimu ndani yake. Nawe kijana, zisome ukiuliza swali lile la marejeo. Lina kazi hata mbali na vita. Kila mwaka vijana wetu huagwa kwa vifijo wakienda jeshini, wakienda kazi za Ughaibuni, wakienda miji wasiyoijua. Ujasiri wa kushuka tunausifu sana, na unastahili sifa. Lakini kabla kifuniko hakijafungwa, mtu mmoja wa nyumbani na aulize: chombo cha kumrudisha kiko wapi, na nani atakisubirisha hata akichelewa?