Maswali ya Vijana wa Garsen

Mwanangu, miaka ya tisini nilikuwa mwalimu kijana karibu na Garsen. Mji ule ulinukia kambare wa kukaanga, matope ya Mto Tana na maziwa ya Waorma katika vibuyu vilivyofukizwa moshi. Mabasi ya Lamu yalisimama kungoja askari wa kuyasindikiza, nasi tukinywa chai ya shilingi 5. Pakiti ya kondomu za Trust, tatu ndani yake, ilikuwa shilingi 10, kwa hiyo kikwazo hakikuwa pesa. Kikwazo kilikuwa mwenye duka, aliyekuwa mjomba wa fulani au aliyeswali safu moja na baba yako. Nilimwona mvulana akinunua kiberiti, akarudi kununua chumvi, akarudi tena kwa peremende, kisha akaenda zake bila kile kilichomleta.

Wazee wetu, Wapokomo na Waorma, wa msikitini na wa kanisani, waliamini kwamba kumfunza kijana ni kumruhusu. Hata Nairobi mambo yalikuwa moto: mwaka 1996 Kardinali Maurice Otunga aliongoza uchomaji wa kondomu hadharani, ilhali serikali ilikuwa na mpango wa uzazi tangu 1967. Huku kwetu wasichana walizidi kutoweka darasani kwa sababu ya mimba. Tangu 1994 aliyejifungua aliruhusiwa kurudi shuleni, lakini wachache walirudi, maana vicheko viliwatangulia mlangoni.

Ndipo akaja muuguzi mmoja, mama wa makamo, sauti yake ya taratibu, kanga imefungwa juu ya sare. Aliwaita wasichana peke yao, akafunga mlango, nami nikabaki na wavulana hadi zamu yao ilipofika. Zamu hiyo alipanga mezani vidonge, bomba la sindano na kondomu, akashika gunzi la hindi na kulivisha kondomu mbele ya macho yao, polepole, bila kutabasamu. Vidonge humezwa kila siku, alisema. Sindano hudumu miezi mitatu. Vidonge na sindano huzuia mimba, lakini havizuii kisonono wala UKIMWI. Kondomu ndiyo inayozuia mimba na maradhi pamoja. Kijana mmoja akauliza kama msichana hushika mimba mara ya kwanza. "Hushika." Mwingine akauliza kama kuoga mtoni baadaye kunasaidia. "Maji ya Tana hayafiki huko, mwanangu." Hakuna aliyecheka. Nyuso zao zilikuwa za watu waliotuliwa mzigo.

Mwaka 1999 Rais Moi alipotangaza UKIMWI kuwa janga la taifa, sisi tulikwisha kuzika. Niliowazika hawakuharibiwa na mafunzo. Wengi wao hawakupewa lolote. Kwa hiyo ukiwa na swali, nenda zahanati ukaulize waziwazi, na mdogo wako akikuuliza wewe, mjibu kabla hajajibiwa na asiyejua.