Miguu Isilale

Voi, Jumapili

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ameniambia umepata kazi ya doria ya angani huku Tsavo, na kwamba utaanza kufundishwa kurusha ndege ya Super Cub. Hongera sana. Najua leseni unayo, na masaa ya Cessna 172 umeyapata pale kiwanja cha Wilson, kwa hiyo nivumilie tu.

Ile 172 ina gurudumu la pua, na uzito wake umekaa mbele ya magurudumu makuu. Ikipinda kidogo baada ya kugusa ardhi, uzito huohuo unairudisha kwenye mstari. Super Cub ni kinyume: makuu yako mbele, kigurudumu kidogo kiko mkiani, na uzito uko nyuma ya makuu. Pua ikienda kushoto, uzito unang'ang'ania kwenda kule ulikokuwa ukielekea, mkia unachomoka ubavuni, na kadiri unavyochomoka ndivyo unavyozidi kasi. Jaribu kusukuma toroli la supamaketi kinyumenyume utanielewa. Usipouwahi, ndege inajigeuza yenyewe, bawa la nje linachota vumbi na mguu wa gurudumu unakunjika.

Wengi hudhani hatari ni pale unapogusa ardhi. Mimi naiogopa zaidi dakika inayofuata. Kwenye kasi, hewa inapita vizuri kwenye usukani wa mkia na pedali zinajibu. Mwendo ukipungua, pedali zinalegea, na ndipo rubani anaposhusha pumzi, anatafuta redio, anatazama nani amesimama hangani. Upepo wa ubavuni haujashusha pumzi. Ndege nzuri huvunjika bawa kwa mwendo wa baiskeli.

Ukishagusa kwa magurudumu matatu, vuta stiki mpaka tumboni na uiache hukohuko, ili kigurudumu cha mkia kikandamizwe chini. Kisha uilaze upande unakotoka upepo. Macho yawe mwisho wa kiwanja. Pedali ziguseguse: kidogo, rudisha, kidogo, rudisha. Anayekanyaga akashikilia ndiye anayeurusha mkia upande wa pili. Breki nazo, ukizibana kwa woga ndege itapiga pua chini na propela kwisha. Wakati wa kupaa pua itavuta kushoto, hasa unapoinua mkia, basi mguu wa kulia uwe tayari.

Marekani, tangu 1991, rubani mpya haruhusiwi kuwa kamanda wa ndege ya namna hii mpaka mkufunzi amtilie saini daftarini. Sheria haitaji masaa, inataja mambo: kupaa na kutua, pamoja na upepo wa ubavuni, kutua kwa makuu huku mkia uko juu, na kughairi kutua. Hili la mwisho vijana mnalionea haya. Ukiona ndege inadundadunda au inakwenda mshazari, ongeza moto upae tena mapema. Atakayekucheka hangani mwache acheke.

Hayo ya ardhini huvunja mabawa, mara chache huua. Linaloua ni kuzunguka chini chini. Marubani wa Alaska wana jina maalumu la ajali ya kumzunguka kulungu mkubwa wa kwao. Huku kwetu ni ndovu. Macho yamenasa kwa mnyama, askari redioni anauliza wako wangapi, wewe unakaza kona na kuinua pua. Upepo ukiwa mgongoni, ardhi inapita mbio, unajiona una kasi ya kutosha, unapunguza moto. Bawa la ndani linaacha kuinua, ndege inapinduka, na chini hakuna nafasi ya kuiokoa. Hesabu ndovu ukiwa umenyoosha mabawa, na kona uziendee mbali nao. Wakikupotea, wamekupotea.

Mwombe mkufunzi wako muanzie kwenye kiwanja cha nyasi. Nyasi huacha tairi liteleze kidogo ubavuni, lami hulikamata. Na zile buti zako ziache nyumbani: soli nene hukanyaga pedali na breki kwa pamoja bila wewe kujua. Hapa sokoni kuna raba nyepesi za soli nyembamba, na kuna mtu anakuja huko Nairobi Alhamisi. Niandikie saizi ya mguu wako kabla ya hapo.

Mjomba wako