Teremka Mpaka Galula

Tunduma haina subira. Malori ya kwenda Zambia na Kongo yamepanga foleni isiyoonekana mwisho, bodaboda wanapenya katikati, wabadilisha fedha wanakuita kwa kwacha na shilingi. Naupenda mji huu, lakini anayeishia mpakani bado hajauona Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa 2016.

Pita Vwawa na mashamba ya kahawa. Kimondo cha Mbozi, tani zipatazo 16 za chuma, kisalimie tu, maana kila mtu huletwa pale. Songa hadi Mbalizi, kisha teremka bonde la Rukwa mpaka Galula. Joto linakupokea kabla hujashuka garini. Miamba ya huku ni myekundu, nayo ilihifadhi dinosaria. Rukwatitan alichimbwa kwenye ukuta wa genge. Shingopana songwensis, aliyetangazwa 2017 na Eric Gorscak na wenzake, aliishi kati ya miaka milioni 70 na 100 iliyopita, na jina la Songwe limeenea duniani kwa ajili yake.

Wengi hushangaa ukubwa wao. Mimi hushangaa kilichomo ndani. Mfupa uliogeuka jiwe ukichongwa uwe mwembamba hata mwanga upenye, hadubini mara nyingi huonyesha mirija ilimopita damu, imezungushiwa matabaka kama kitunguu kilichokatwa. Wetu umejengwa vivyo hivyo: seli hizi zinabomoa mfupa mkongwe, zile zinafuata nyuma zikijenga mpya. Wabomoaji wakiwazidi wajenzi, kama inavyowatokea wazee wengi, vijiti vya mfupa wa ndani hukonda na kukatika, na bibi akijikwaa tu nyonga imevunjika.

Mifupa ya Shingopana ina matundu. Ungedhani ni maradhi, kumbe yaelekea ni wadudu walioutoboa mzoga. Mfupa ulio hai ukijeruhiwa hujibu: huota mfupa mpya kwenye kingo za jeraha, nyuzi zake zikiwa shaghalabaghala kwanza, kisha zikapangwa upya. Wa mfu haujibu kitu. Kwa hiyo mtaalamu huanzia kwenye kingo za tundu.

Njoo kiangazi, na upitie ofisi ya kijiji kwanza. Ukiona kipande kimechungulia kwenye mwamba, piga picha, usikichokoe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakilinda.