Somo Yangu

Majira ya baridi yaliyopita nilikaa wiki tatu Märsta, mwisho wa reli ya treni za Stockholm, kwa dada yangu anayemtunza mama. Ndege za Arlanda zikinguruma jirani, nilikesha nikisahihisha kompaila ndogo niliyowaandikia wanafunzi wangu kwa Python.

Kompaila huisoma programu na kuijenga upya kama mti wa sintaksia. Ili kuuhifadhi mti huo katika faili, niliipa kila nodi kitambulisho. Nodi iliyokwisha kuandikwa ikijitokeza tena, kilitajwa kitambulisho tu. Lakini mara mojamoja, mti uliposomwa upya, a kutoa b ilirudi ikiwa a kutoa a, yaani sifuri.

Usiku wa tatu nikang'amua. Kitambulisho changu kilikuwa anwani ya nodi katika kumbukumbu ya kompyuta, na anwani ni ya pekee maadamu mwenyewe yu hai. Nodi za muda zilifutwa mara zilipokwisha kuandikwa. Nodi mpya ikapewa makao yale yale, na daftari langu, ambalo halikuwa na habari ya msiba, likaidhania kuwa ni yule wa kwanza.

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mimi nimepewa jina la kaka yangu, aliyefariki kwa maradhi ya kifua kabla sijazaliwa. Kwetu Tanga yeye ni somo yangu, na kumrithisha mtoto jina la marehemu ni namna ya kutomsahau.

Tiba ya kompaila ilikuwa nyepesi: kihesabio kisichorudi nyuma, kila nodi na namba yake, isirithiwe hata mwenyewe akifutwa. Uswidi nayo, tangu 1947, imewapa wakazi wake namba, na mama anayo yake. Lakini siku hizi kumbukumbu zake zinamponyoka.

Asubuhi ile nilimpelekea chai. Akanishika mkono, akaniita jina langu, akauliza, "Kifua kimepona, mwanangu?"

Miaka arobaini na kitu nimejibidiisha kuwa mtu mwingine, kwa vitabu, kwa shahada ya uzamivu ya ughaibuni. Ningeweza kumsahihisha.

"Kimepona, mama."

"Alhamdulillahi," akasema, akanywa chai yake.